Kinachopenda Maji na Kinachoyakwepa: Kemia ya Sahani ya Ifakara

Katika duka lolote la rejareja mjini Ifakara, sukari iliyotengenezwa Msolwa hukaa jirani na mchele uliokobolewa mjini hapohapo, na nyuma yake hupangwa madumu ya mafuta ya alizeti. Mnunuzi huviona kuwa vitu vya koo tatu zisizohusiana. Mkemia haoni hivyo. Sukari ikiachwa juu ya moto katika sufuria kavu huyeyuka, hugeuka kahawia, hutoa mvuke, na mwisho wake hubaki mkaa mweusi. Mchele nao hufikia hukohuko. Mafuta yakiwaka kwenye utambi pasipo hewa ya kutosha hutoa masizi, na masizi ni mkaa uleule kwa umbo jingine. Mkaa huo ni kaboni. Na ule mvuke wa sukari, ukizuiwa kwa kifuniko baridi, hugeuka matone ya maji, yaani hidrojeni na oksijeni. Kaboni, hidrojeni na oksijeni: hesabu karibu yote inaishia hapo. Tofauti kati ya kijiko cha sukari, punje ya mchele na tone la mafuta haimo katika malighafi, imo katika idadi ya kila elementi na namna zilivyoungwa. Hoja yangu ni kwamba kwa msomaji asiye mkemia, tofauti hiyo inaweza kufuatwa kwa swali moja tu: kitu hiki kinapatana vipi na maji? Swali hilo linaeleza mengi kuliko mgawanyo tuliouzoea wa vyakula vya kutia nguvu na vyakula vya kunenepesha.

Bonde la Kilombero, ulimo mji huo, lina maji ya kutosha kuanzia hoja. Mito inayoteremka kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili hukusanyika katika mto Kilombero, na wakati wa masika tambarare kubwa hugeuka ziwa la muda. Jani la mpunga uliosimama humo huchukua molekuli sita za kaboni dayoksaidi kutoka hewani na molekuli sita za maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya jua huziunganisha kuwa molekuli moja ya glukosi. Oksijeni inayosalia huachwa iende zake hewani. Glukosi hiyo ina kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Ukiitazama vizuri utaona kwamba kwa kila kaboni moja kuna hidrojeni mbili na oksijeni moja, uwiano uleule wa maji. Oksijeni hizo ndizo zinazoamua tabia yake. Oksijeni huzivuta upande wake elektroni inazoshirikiana na hidrojeni, hivyo upande mmoja hupata chaji hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Molekuli ya maji imeumbwa vivyo hivyo, basi hasi ya huku hushikana na chanya ya kule, na sukari huyeyuka katika chai bila kushurutishwa. Linganisha sasa na asidi ya palmitiki, mojawapo ya asidi za mafuta zilizo nyingi katika mawese na katika mwili wa mtu: kaboni 16, hidrojeni 32, oksijeni 2 tu, na zote mbili zimekaa kichwani. Mkia mrefu unaobaki hauna chaji ya kushikana na maji, kwa hiyo maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuuacha nje. Uhaba huohuo wa oksijeni unaeleza na jambo la pili. Kuungua, iwe jikoni au ndani ya seli, ni kuziunganisha kaboni na hidrojeni na oksijeni. Glukosi tayari imebeba oksijeni nyingi, ni kana kwamba imeshaungua nusu. Mkia wa mafuta bado haujaanza. Ndiyo maana gramu moja ya kabohaidreti humpa mlaji kilokalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta humpa 9. Watu husema mafuta ni mazito. Kwa mizani ya nishati, mafuta ni mepesi: nguvu ileile hubebwa kwa uzito usiofika nusu.

Tuanze na miwa, kwa kuwa hapo kemia hugusa mfuko. Mashamba yake yameshika upande wa kaskazini wa bonde kandokando ya Ruaha Mkuu, na Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo serikali iliibinafsisha mwaka 1998 na hisa nyingi zikaenda kwa Illovo ya Afrika Kusini, ina viwanda Msolwa na Ruembe, kimoja kila upande wa mto. Ndani ya muwa, glukosi moja imeungwa na ndugu yake fruktosi, yenye hesabu ileile ya 6, 12 na 6 lakini mpangilio tofauti. Zikiungana, molekuli moja ya maji hutolewa, na sukrosi inayopatikana ina kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11. Umbo hili linaufaa mmea kwa kuwa husafiri vizuri ndani ya maji kutoka jani hadi shina. Lakini kilichoungwa kwa kutoa maji kinaweza kuvunjwa kwa kuyarudisha, na ndivyo inavyoanza kuwa mara muwa ukikatwa: vimeng'enya vya mmea wenyewe na bakteria wanaoingilia penye jeraha huigawa sukrosi irudi kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazitengenezi fuwele kirahisi na huishia kwenye molasi. Joto la bondeni huharakisha kazi hiyo, na muwa uliochomwa moto kabla ya kukatwa hauvumilii kukaa. Mkulima mdogo anayelipwa kwa kiwango cha sukrosi, si kwa tani peke yake, hupoteza fedha kila saa muwa wake unapongoja lori. Malalamiko ya foleni na vipimo huzungumzwa kama siasa za ushirika. Ni siasa, sikatai. Ila chini yake kuna muungano mmoja wa kemikali usiosubiri kikao.

Mpunga una shida ambayo muwa hauna. Mbegu yake lazima ihifadhi chakula kwa miezi ikiwa kavu, na glukosi haifai kwa kazi hiyo, kwani ikirundikana ndani ya seli huvuta maji ya nje mpaka seli ivimbe. Dawa yake ni kuziunga glukosi maelfu kwa maelfu, kama shanga katika uzi, ziwe wanga. Molekuli nyingi zikishakuwa moja, ule uvutaji wa maji hupungua mno, na wanga hukaa ndani ya chembechembe ngumu zisizoyeyuka katika maji baridi. Kuna wanga wa aina mbili: amilosi, uzi mrefu unaojizungusha, na amilopektini, yenye matawi mengi. Karibu asilimia 80 ya uzito wa mchele mweupe ni wanga, na uwiano wa aina hizo mbili ndio hasa unaoamua wali utakuwaje. Mchele wenye amilosi nyingi hutoa wali unaochambuka; wenye amilopektini karibu tupu, kama ule wanaoupenda watu wa Laos, hushikana ukawa donge. Wanunuzi wanaoufuata mchele wa Ifakara, wakitaka Supa au SARO 5, mbegu ambayo watafiti huiita TXD 306, aghalabu husifu harufu. Harufu hiyo haitoki kwenye wanga hata kidogo; huletwa na kemikali nyingine ndogo yenye naitrojeni, tena kwa kiasi kisichoonekana. Lakini kuchambuka kwa wali, ulaini wake na kukakamaa kwake ukipoa, hayo ni mambo ya wanga. Maji ya moto, kuanzia nyuzi joto 60 na zaidi, hupenya katikati ya nyuzi zake, chembechembe huvimba na kupasuka, na wali umeiva. Ukipoa, nyuzi za amilosi hurudiana na kuyatoa maji katikati yao, na kiporo kinakuwa kigumu.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba wanga ni sukari iliyofungwa uko kwenye chungu cha togwa. Uji mzito hupozwa kidogo, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi. Haupiti muda, uji ule huwa mwepesi wa kunyweka, na utamu huanza kusikika pasipo mtu kutia sukari. Kilichofanya kazi ni kimeng'enya, amilesi, ambacho mbegu ya ulezi ilikitengeneza ilipoanza kuota ili ijivunjie wanga wake yenyewe. Kimeng'enya hicho hukata nyuzi vipandevipande, na kila mkato hutumia molekuli moja ya maji. Vipande vifupi haviwezi tena kuyashikilia maji yawe mazito, na vile vifupi kabisa ni vitamu mdomoni. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuja kuhimiza matumizi ya kimea katika uji wa watoto kwa sababu iliyo ya kemia tupu: mtoto mwenye tumbo dogo hawezi kuumaliza uji mzito, na akipewa uliozimuliwa hushiba maji. Kimea humwezesha kupata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Waliobuni togwa hawakuhitaji jina la amilesi ili wajue hilo.

Chukua sasa glukosi ileile ubadilishe kiungo tu. Katika wanga, glukosi zote huungwa zikielekea upande mmoja. Katika selulosi, kila ya pili imepinduliwa. Uzi wa wanga hujipinda, uzi wa selulosi hunyooka, na nyuzi zilizonyooka hulala sambamba zikishikana kwa mivuto midogo isiyohesabika, kiasi kwamba hata maji yanayochemka hayaziachanishi. Hapo ndipo yanapotoka mabua ya mpunga, nyasi ndefu za tindiga, pamba ya khanga na sehemu kubwa ya mbao za misaji inayopandwa bondeni. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho la mtu hukata kiungo cha kwanza na hushindwa kabisa na cha pili, hivyo mtu anaweza kufa njaa katikati ya nyika iliyojaa glukosi. Ng'ombe naye hana kimeng'enya hicho, ila tumboni mwake wamo vijidudu walio nacho. Hao hula glukosi na kutoa asidi fupi, hasa ya asetiki yenye kaboni mbili, na kiwele huziunga asidi hizo moja baada ya nyingine hadi kutengeneza sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa. Kwa hesabu hiyo, samli ni majani. Sheshe, mnyama ambaye bonde la Kilombero linajulikana kwa ajili yake, huishi kwa mpango huohuo. Ugomvi wa miaka mingi kati ya wafugaji, wakulima na wahifadhi juu ya ardhi oevu hii, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, nao una upande wake wa kemia: ni nani atakayeigeuza selulosi ya tindiga kuwa nyama na maziwa, na ni nani atakayeing'oa apande wanga.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa wali, ugali na sukari vyote huishia kuwa glukosi, kwa nini mwenye kisukari asiambiwe wazi kwamba sahani ya wali ni sahani ya sukari? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wanga ni kabohaidreti changamano, kwa hiyo husagwa polepole. Jibu hilo naliona la kufariji kuliko la kweli. Amilopektini ina matawi mengi, na kila ncha ya tawi ni mahali ambapo kimeng'enya kinaweza kuanza kukata. Mchele mweupe uliopikwa ukalainika unaweza kupandisha glukosi ya damu kwa kasi isiyopungua ile ya sukari ya mezani, kwa kuwa nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo hupitia ini kwanza. Muulizaji basi ana haki, lakini ni haki ya nusu. Kasi hiyo haikuandikwa kwenye glukosi, iko kwenye hali ya wanga wenyewe na kwenye majirani zake sahanini. Mchele wenye amilosi nyingi husagwa taratibu zaidi. Wali uliopikwa ukapoa huwa na sehemu ya wanga iliyojifunga upya, ambayo hufika utumbo mpana bila kukatwa. Maharage, matembele na samaki huchelewesha chakula kutoka tumboni. Na kipimo hakina mbadala: robo ya sahani si sahani iliyofurika. Kumwambia mgonjwa asile wali kabisa katika mji unaoishi kwa wali ni ushauri wa uvivu. Kumwambia wali hauna neno ni ushauri wa hatari.

Pingamizi jingine husemwa kwa heshima zaidi: wazee wa Kindamba na wa Kipogoro walikula wali na samaki vizazi kwa vizazi bila kusikia habari ya amilosi. Ni kweli, lakini mchele wao ulitwangwa. Kinu na mchi huacha sehemu ya pumba kwenye punje, na pumba ndiyo yenye nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na kitu kinachosahauliwa, mafuta, kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Mashine ya kukoboa huviondoa karibu vyote. Si kwa ubaya. Katika punje nzima, mafuta ya pumba na kimeng'enya kinachoyavunja hukaa sehemu mbalimbali. Ukobozi huvunja kuta, kimeng'enya hukutana na mafuta, asidi za mafuta huachiliwa, na muda si mrefu pumba hunuka uchachu. Mchele uliobakiwa na pumba haukai sana ghalani Dar es Salaam, mweupe hukaa. Mfanyabiashara aliyechagua mweupe alichagua kwa akili, na mlaji akarithi sahani isiyo ya babu yake. India na Japani hukamua mafuta ya kula kutoka kwenye pumba hiyo. Kwetu nyingi huishia kulishwa mifugo.

Na mafuta yenyewe yameumbwaje? Gliseroli, molekuli ndogo ya kaboni tatu, hushikwa na asidi tatu za mafuta, na kila muungano hutoa molekuli moja ya maji, utaratibu uleule wa sukrosi na wanga. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliugundua mpango huu kwa kuchunguza sabuni, akauchapisha kitabuni mwaka 1823. Kinachobadilika kutoka mafuta hadi mafuta ni mikia. Mkia ulionyooka hulala vizuri kando ya mwenzake, na mafuta huganda kirahisi. Mkia wenye kiungo maradufu una kigongo, haupangiki, na mafuta hubaki majimaji. Mafuta ya alizeti na ya ufuta yana mikia mingi ya kaboni 18 yenye vigongo, ndiyo maana hayagandi. Ya nazi yana mikia iliyonyooka lakini mifupi, karibu nusu ikiwa ya kaboni 12, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, hivyo chupa inayobaki majimaji Ifakara mchana inaweza kuganda Mahenge asubuhi ya Julai. Kuganda huko si dalili ya kuchakachuliwa.

Swali la maji linaeleza pia kwa nini akiba kubwa ya mwili ni mafuta. Mtu huhifadhi glukosi kwa umbo la glikojeni, wanga wa mnyama wenye matawi mengi mno, gramu 100 hivi kwenye ini na kama 400 kwenye misuli. Akiba hiyo hukaa na maji, karibu gramu tatu kwa kila gramu moja, na ile ya ini humalizika ndani ya siku moja hivi ya kufunga. Mafuta hayabebi maji, kwa hiyo hata mtu asiye mnene hutembea na kilo 10 za akiba bila kuzihisi. Mbegu ndogo zimefuata hesabu hiyohiyo: ufuta, ambao punje yake haina nafasi ya kupoteza, ni mafuta kwa takriban nusu ya uzito wake. Tena ufuta unapoota hufanya jambo lisilowezekana kwetu, hugeuza mafuta kuwa sukari, kisha kuwa selulosi ya shina. Mwili wa binadamu hauna njia hiyo. Gliseroli inaweza kurudi kuwa glukosi. Mikia ya kawaida ya mafuta haiwezi.

Njia ya kwenda upande wa pili, hata hivyo, iko wazi, na hapo ndipo inapoanguka imani kwamba mafuta ndiyo yanayonenepesha. Glikojeni ikishajaa, glukosi iliyozidi hukatwa na ini mpaka kuwa vipande vya kaboni mbili, na vipande vinane huungwa kuwa asidi ya palmitiki, ileile ya mawese. Anayeogopa kijiko cha mafuta kwenye mboga huku akishushia soda kila mlo anayatengeneza mwenyewe. Mjuzi atapinga kwamba kwa kawaida kiasi kinachogeuzwa hivyo ni kidogo, na vipimo vinamuunga mkono. Siku nyingi mwili huchoma kwanza glukosi na kuyaacha mafuta yaliyoliwa yaende akibani. Lakini matokeo kiunoni ni yaleyale, ama mafuta yametengenezwa upya, ama yameachwa yasichomwe. Wala mboga iliyokaushwa mafuta haina sifa yoyote ya pekee. Rangi ya njano ya karoti na ile iliyojificha kwenye mchicha, ambazo mwili huzigeuza vitamini A, hazishikamani na maji. Zinahitaji mafuta kidogo, ya karanga au ya nazi, ndipo ziingie mwilini.

Lipidi zina kazi kubwa kuliko kuwa akiba. Ondoa asidi moja kati ya zile tatu, weka mahali pake kichwa chenye fosfati kinachopenda maji, utapata fosfolipidi, molekuli yenye tabia mbili. Zikiwa majini hujipanga zenyewe kwa safu mbili, vichwa nje kwenye maji, mikia ndani mbali nayo. Hakuna anayeziamuru, ni kule kukwepa maji tu. Safu hiyo ndiyo utando wa kila seli, ya mpunga, ya kambale na ya mtu. Seli ni maji yaliyotengwa na maji mengine, na sukari, kwa upendo wake wa maji, isingeweza kujenga ukuta wa namna hiyo. Hata kolesteroli iliyoharibiwa jina hukaa humo ikizuia utando usilegee wala kukakamaa, na sehemu kubwa ya tuliyo nayo tumeitengeneza wenyewe.

Mbu wa bondeni anazihitaji pande zote mbili, sukari inayopenda maji na lipidi zinazoyakwepa. Ifakara imemchunguza tangu mwaka 1957, Mswisi Rudolf Geigy alipofungua pale maabara ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wengi humjua mbu kwa damu, lakini dume hanywi damu kabisa, na jike huitafuta kwa ajili ya mayai. Nishati ya kuruka wote wawili huitoa kwenye sukari ya maua na mimea, na wale wa maabara hunyweshwa maji ya sukari. Mwili wake mdogo, ambao jua la kiangazi lingeukausha upesi, umepakwa tabaka jembamba la nta na lipidi nyingine zinazozuia maji yasitoke. Kimelea cha malaria anachokibeba kina tabia tofauti. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hakina ghala la glikojeni. Huchoma glukosi ya mgonjwa papo kwa papo, na chembe iliyoambukizwa hutumia glukosi mara nyingi zaidi ya chembe nzima. Hiyo ni sababu mojawapo ya sukari ya damu kushuka kwa mtoto mwenye malaria kali. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango kilicho chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa dalili ya ukali wa ugonjwa, na hospitali humtundikia mtoto huyo dripu ya glukosi haraka.

Kwa malaria isiyo kali, tiba ya kwanza nchini tangu 2006 na 2007 imekuwa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, ile ALu. Lumefantrini hukwepa maji kama mikia ya mafuta inavyoyakwepa. Ikimezwa kwa maji matupu na tumbo tupu, kiasi kikubwa hupita bila kuingia damuni. Pamoja na mlo wenye mafuta mengi, ufyonzwaji wake umeonekana kuongezeka hadi mara 16. Haihitaji karamu. Kikombe cha maziwa, uji wa karanga au mchuzi uliotiwa nazi unatosha kuibeba. Mgonjwa anayekatazwa mafuta na wanaomuuguza, kwa kuwa eti hayamfai mtu mwenye homa, hunyimwa kitu chenyewe kinachoifanya dawa yake ifanye kazi. Kila mwenye mgonjwa aliyepewa ALu ampe kwanza chakula chenye mafuta kidogo, halafu dawa, na afanye hivyo kwa dozi zote za siku tatu. Mtoa dawa asipolitaja hilo dirishani, aulizwe.